Je, mbwa anaweza kunusa dhahabu? Jibu la wanasayansi na maana yake kwa Congo

Mbwa anaweza kufundishwa kutafuta mawe yenye madini, lakini dhahabu safi haimpi harufu ya kufuata. Tofauti hiyo ina uzito kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako dhahabu ya Ituri na Kivu huvushwa mipaka kimagendo, mara nyingine mfukoni mwa msafiri.

Sababu ni rahisi. Pua hunasa chembe zinazopaa hewani, na dhahabu haipai. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 1064, wala haishiki kutu. Hata ile harufu inayobaki mkononi baada ya kushika chuma si ya chuma chenyewe. Utafiti wa Dietmar Glindemann na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa hutokana na mafuta ya ngozi ya binadamu yanapogusana na chuma.

Mbwa wa Finland

Hata hivyo, katika miaka ya 1960 mwanajiolojia Aarno Kahma wa Finland alianza kufundisha mbwa kutafuta mawe yenye salfaidi, yaani madini yaliyoungana na salfa. Mawe hayo yakipata hewa na maji hutoa gesi ambazo mbwa huzitambua. Mmoja wao, Lari, alishindanishwa na mtafutaji madini mzoefu katika eneo la kilomita tatu za mraba. Mtu alipata mawe 270, Lari alipata 1330. Uswidi na Kanada nazo zilijaribu njia hiyo.

Kolwezi ni kazi nyingine. Huko Finland barafu ya kale ilisambaza mawe ambayo bado yana salfa karibu na uso wa ardhi. Katika Lualaba na Haut-Katanga, mvua na joto vimekwisha kugeuza sehemu kubwa ya madini ya juu kuwa malakaiti ya kijani na heterojeniti ya kobalti, yale yanayochimbwa kwa mikono. Salfaidi nyingi iko chini zaidi. Dhahabu ya mitoni nayo imekwisha kutengana na mwamba wake.

Zebaki, mwenza wa dhahabu

Mpakani, basi, mbwa angelazimika kunusa kitu kinachoandamana na dhahabu. Polisi wa Connecticut, Marekani, hufanya hivyo kwa vifaa vya kompyuta: mbwa wao hunusa kemikali iliyomo ndani ya vifaa hivyo.

Kwa wachimbaji wadogo, mwenza huyo ni zebaki, inayotumika kukusanya chembe za dhahabu kabla ya kuchomwa. Zebaki hupaa hata bila moto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, jimbo la Minnesota lilimtumia mbwa aitwaye Clancy kutafuta zebaki iliyomwagika shuleni. Dhahabu iliyochomwa machimboni hubaki na mabaki yake.

Hapo ndipo penye hatari. Dhahabu ikisafishwa vizuri, zebaki huondoka. Mbwa wa aina hiyo angeweza kumsimamisha mchimbaji ambaye nguo zake zina zebaki lakini hana hata gramu moja, huku tajiri mwenye vipande vilivyosafishwa akipita bila kuulizwa. Forodha ikimtegemea mbwa peke yake, itawakamata wanyonge.

Faida ya wazi zaidi iko kwenye afya. Mvuke wa zebaki huharibu mishipa ya fahamu na kudhuru mtoto aliye tumboni, na pengine dhahabu huchomwa ndani ya nyumba ambamo familia hupika na kulala. Mbwa angeweza kuonyesha nyumba na maduka yanayohitaji kusafishwa. Mafunzo yake yangehitaji chombo kilichofungwa, maana mvuke huo humdhuru yeye pia.

Congo si ngeni kwa kazi hii. Hifadhi ya Virunga ina mbwa wanaofuata nyayo za majangili na kunusa pembe za ndovu. Lakini kila mbwa huhitaji mwongozaji wake, daktari wa mifugo, chakula na mazoezi ya mara kwa mara, gharama ambazo hazikomi siku mafunzo yanapoisha.