Ukionja maziwa ya Garissa, uliza yamelala kwenye chombo gani

"Mbona yananuka moshi?" Hilo ndilo swali nililouliza siku ya kwanza nilipoonja maziwa ya ngamia mjini Garissa. Mama aliyeniuzia alicheka kwanza. "Walal, yakikosa moshi ndiyo uulize," akanijibu.

Wapenzi wa divai kule Ufaransa hubishana usiku kucha kuhusu udongo, jua na pipa. Huku Garissa divai haina nafasi, wengi wa wakazi wakiwa Waislamu, lakini ubishi wa aina hiyo upo, na unahusu maziwa. Ngamia alikula nini? Alikunywa maji lini? Na maziwa yalilala kwenye chombo gani?

Kuanzia Garissa ukipanda hadi Wajir na Mandera, nchi ni kavu, na ngamia ndiye anayeimudu. Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 nchini, wengi wakiwa kaskazini. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, ng'ombe walikufa kwa wingi. Ngamia nao waliumia, ila wengi walisimama. Shingo ndefu humfikisha kwenye majani ya migunga na vichaka vyenye chumvichumvi, na alichokula utakionja kwenye kikombe.

Ukinywa yakiwa mabichi, ni mepesi, meupe pe, yenye povu. Kwanza unahisi chumvi kidogo, kisha utamu, halafu ule moshi unabaki kooni. (Mabichi yanaweza kukuletea brusela, kwa hivyo chemsha. Na kama ni mara yako ya kwanza, anza na kikombe kidogo, la sivyo tumbo litakutuma mbio.)

Moshi wenyewe una kazi. Chombo cha asili, dhiil, husukwa kwa nyuzi za mimea. Vijiti vya mti maalum huchomwa, makaa yakatiwa ndani, chombo kikafunikwa na kutikiswa, kisha majivu yakapanguswa. Moshi hupunguza vijidudu na kuchelewesha maziwa kuharibika. Ukiyaacha humo siku moja au mbili yanakuwa susa: machachu, lakini hayagandi kama mala. Waliozoea mursik ya Wakalenjin watatambua ukoo.

Sasa chakula. Asubuhi, chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na tangawizi, pamoja na anjera na maini. Nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye samli, ni nzito na inahitaji kitu chachu cha kuikata. Hapo susa haina mpinzani. Wali mweupe ukimwagiwa maziwa ni chakula cha jioni kabisa, msicheke. Ramadhani, tende tatu na kikombe kimoja. Kwangu mimi hiyo ya tende ndiyo bora kuliko zote, maana ile chumvi na sukari ya tende zinaelewana.

Lakini siku hizi ladha hiyo inapungua, na mhusika unamjua: ule mtungi wa plastiki wa manjano. Ni mwepesi, bei yake nafuu, unafungwa kwenye bodaboda au juu ya basi bila presha. Shida ni mdomo wake mwembamba. Mkono hauingii kusugua, na plastiki haipendi makaa. Maziwa yanakaa njiani saa kadhaa kwenye joto, yanafika sokoni yamechacha vibaya, na hasara ni ya mchuuzi. Isiolo, akina mama wa Anolei wamekuwa wakikusanya maziwa, wakiyapoza na kuyasafirisha hadi Eastleigh, na hapo unaona jokofu likifanya kazi iliyokuwa ya moshi. Usalama, sawa. Ila maziwa ya jokofu hayana ile harufu, na vijana wa Nairobi wanaoyanywa huko hawajui wanachokosa.

Nilimuuliza yule mama kwa nini naye anauzia kwenye mitungi. Akanihesabia kwa vidole: dhiil moja husukwa kwa siku nyingi, inabeba kidogo, na kondakta hataki kuiona. Kisha akainama chini ya meza akatoa moja, nyeusi kwa moshi, kifuniko kimefungwa kwa kamba.

"Hii si ya kuuza," akasema, akanimiminia nusu kikombe.