Kulanti Haipungui Bila Sababu

Ugomvi mkubwa kuliko yote nyumbani kwetu haukuletwa na nyumba ndogo wala meseji za usiku. Uliletwa na pikipiki!

Baba watoto alikuwa akiamka alfajiri anatoka uani na chupa ya maji. Nikimuuliza, ananijibu, "Naongeza kidogo tu, mama." Kumbe maji ya rejeta yalikuwa yanashuka kila siku, naye anajaza kimyakimya, eti asinitie wasiwasi. Siku moja akiwa Kimara injini ikachemka, mvuke ukatoka, ikazima. Gasketi imeungua. Hela ya fundi ikatoka kwenye ada ya mtoto. Tulinuniana wiki nzima.

Sasa kila Jumamosi asubuhi tunaikagua wote wawili, dakika kumi tu. Na wewe jaribu.

Kwanza, jua pikipiki yako inapozwaje. Boxer na nyingi za bodaboda hupozwa kwa upepo. Hazina rejeta, usihangaike kutafuta kulanti. Wewe osha tu matope yaliyoganda kwenye injini ili upepo upite vizuri.

Kama ina rejeta, ikague injini ikiwa imepoa kabisa, pikipiki imesimama wima mahali tambarare. Tafuta kichupa cha plastiki cha akiba. Kina alama mbili, ya juu na ya chini. Kulanti inatakiwa iwe katikati yake. Imepungua? Ongeza kwenye kichupa hichohicho, kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Yale maji ya kisima yenye chumvi yaache, yanaila rejeta taratibu. Na jamani, mfuniko wa rejeta usiguse injini ikiwa ya moto! Maji yana presha, yatakubabua uso.

Ukimaliza hapo, angalia oili, upepo wa matairi na breki. Cheni nayo isikaze sana wala kuning'inia. Isafishe na uipake mafuta yake.

Sasa sikia hili. Ukijaza leo na wiki ijayo imeshuka tena, usijaze ukanyamaza. Kulanti ina mahali inapokwenda: mpira umepasuka, klipu imelegea, pampu inavuja au gasketi imeanza kufa. Na ukiona oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe kabisa. Ita fundi.

Mwenzangu, hela ya fundi hatimaye tuliirudisha na mtoto akabaki shule. Kilichoniuma zaidi ni ile chupa ya kila alfajiri, kwamba mwenzangu alikuwa na shida na mimi niko ndani nimelala. Angeniambia siku ya kwanza, pengine tungenunua mpira tu.

Siku hizi kichupa kikishuka, ananiita kwanza.