Mgonjwa akiwa kwa mashine ya kupumulisha: moyo wake unasukuma damu kiasi gani?

Familia nyingi zikiona mgonjwa wao amewekwa kwa mashine ya kupumulisha, ndani ya reanimasio, zinaangalia namba ya oksijeni tu. Ikipanda, wanashukuru Mungu. Lakini oksijeni inaweza kujaa ndani ya mapafu bila kufika vizuri kwa figo ao kwa ubongo, juu damu ndiyo inaibeba, na moyo ndio unasukuma damu. Ndiyo maana waganga wanajiuliza jambo lingine: kwa dakika moja, moyo unatoa litri ngapi?

Kwa mtu mzima aliyepumzika, ni kama litri 5. Pigo moja likitoa mililitri 70, na moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, inafika litri 4,9. Kwa mwendo huo, bido ya litri 20 ingejaa kwa dakika 4 hivi. Tansio peke yake haitoshi kuonyesha jambo hilo: mishipa ikijikaza, tansio inaweza kubaki nzuri wakati damu inayopita imekwisha kupungua.

Sasa, juu ya nini mashine inaleta shida kwa kupima? Mtu akipumua mwenyewe, kifua kinavuta hewa, na wakati huohuo kinasaidia damu kurudi kwa moyo. Mashine inafanya kinyume: inasukuma hewa ndani. Kifua kinabanwa, na damu inayorudi upande wa kuume wa moyo inapungua. Mapigo machache nyuma ya hapo, upande wa kushoto nao unatoa kidogo. Hewa ikitoka, damu inarudi tena. Basi ndani ya pumzi moja tu, mapigo hayalingani. Mwenye kupima pigo moja anaweza kupata namba kubwa ao ndogo kuliko ile ya kweli.

Njia moja inayojulikana sana ni ya kateteri. Mwaka 1970, Jeremy Swan na William Ganz, huko Marekani, walitangaza kateteri yenye kibaloni kwa ncha, inayobebwa na damu mpaka kwa mshipa wa mapafu. Kisha ikaongezwa kipima joto. Muganga anaingiza kwa mfano mililitri 10 za serumu baridi upande wa kuume wa moyo, na kipima joto kinafuata baridi hiyo. Damu ikienda mbio, baridi inapita haraka. Ikienda polepole, inakawia. Kwa mgonjwa wa mashine, wanapima mara tatu ao zaidi, kisha wanatafuta wastani. Wakipima kila mara mwisho wa kutoa hewa, namba zitafanana, lakini hazitaonyesha wastani wa pumzi nzima. Kwa kupata wastani huo, inafaa vipimo vitawanywe kwa nyakati mbalimbali za pumzi.

Njia ya pili ni ekografi. Haiingizi kitu ndani ya moyo. Muganga anapima upana wa mlango ambamo damu inatokea moyoni, na mwendo wa damu hapo. Mlango wa sentimetri 2, damu ikisonga sentimetri 20 kwa kila pigo, unatoa mililitri 63 hivi. Lakini akisoma sentimetri 1,8 pahali pa 2, hesabu inashuka mpaka 51. Milimetri 2 tu, na karibu sehemu moja kwa tano ya damu imepotea kwa karatasi. Hapa pia lazima apime mapigo ya pumzi nzima, si moja.

Kazi ya hesabu hizi ni kujua kama mgonjwa aongezewe serumu. Ikikosekana, viungo vinakosa damu. Ikizidi, inaweza kujaa ndani ya mapafu yaliyo tayari na shida. Kuna jaribio rahisi: kuinua miguu ya mgonjwa, kwa kugeuza kitanda, ili damu ya miguu irudi kwa moyo. Moyo ukitoa damu zaidi kwa asilimia 10 hivi ndani ya dakika moja, serumu inaweza kusaidia. Usipoongeza, kumwaga serumu nyingine kunaweza kuumiza bure. Miguu ikiteremshwa, damu ile inarudi fasi yake, na mgonjwa hajapewa hata tone moja.

Pahali ambapo vyombo hivi havipo, muganga anaweza kukaza ncha ya kidole mpaka iwe nyeupe, aachilie, na ahesabu. Rangi ikipita sekunde 3 bila kurudi, ni alama kwamba damu inafika kidogo, hata kama tansio inaonekana nzuri. Haitoi litri, lakini inaonyesha kwamba inafaa kutafuta sababu mapema.