Somo la Leo: Kupiga Picha za Tumaini Mtaani

Ndugu msikilizaji, mtaa ukipigwa picha za taka tu, wakaao mbali hudhani wenyeji wamekata tamaa. Sivyo. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliziongezea pointi timu za mpira zilizosafisha mtaa. Mwaka 1997 vijana wake walipewa kamera wapige picha za maisha yao wenyewe. Kitabu chao, Shootback, kilitoka mwaka 1999.

Basi nawe fanya hivi. Kwanza, omba ruhusa. Pili, piga picha ya mtaro uliojaa taka. Tatu, siku ya kuuzibua rudi, simama pale pale, uwapige picha watu wakiwa kazini. Picha ya kwanza peke yake huwatia aibu wenyeji. Zikiwekwa mbili pamoja, ni ushahidi wa juhudi yao.

Kwaheri mpaka juma lijalo.