Fahamu: 'Saa mbili' ya Bukavu ni saa ngapi?

Kinshasa ikitangaza hotuba ya saa 20, mtu wa Bukavu aisubiri saa tatu usiku. Sababu ni mbili. Kwanza, Congo ina kanda mbili za saa: Bukavu iko saa moja mbele ya Kinshasa, sawa na Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi. Saa 20 za kule ni 21 za hapa.

La pili, ambalo ndilo tamu, ni neno lenyewe. 'Saa' limetoka Kiarabu, lakini Waswahili huihesabu kwa jua. Bukavu iko karibu na ikweta, hivyo jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima; saa moja asubuhi ni saa ya kwanza kutimia baada ya mapambazuko. Kifaransa, lugha ya ofisi, huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Ndiyo maana barua ya mkutano huandika 8h, na mama wa soko la Kadutu husema saa mbili. Wote wako sahihi.

Ukialika wageni wa Kinshasa au Kigoma, watajie ni saa za wapi: Kigoma nayo iko saa moja mbele ya Bukavu.