Hariri: Mwenye kikaushio ndiye mwenye bei

MKULIMA wa Karurumo, eneo la Runyenjes katika Kaunti ya Embu, amezoea kungoja malipo ya kahawa kwa miezi mingi. Hariri humvutia kwa kuwa viwavi wake hulishwa kwa takriban mwezi mmoja tu, na huweza kufugwa mara kadhaa kwa mwaka. Hata hivyo, kabla ya kupanda miforsadi, yafaa ajue fedha hizo hupatikana wapi na hupotelea wapi.

Kiwavi wa hariri hutegemea majani ya mforsadi. Mti huu hupandwa kwa vipande vya matawi, hivyo miche si ghali. Gharama kubwa ni kazi. Viwavi 20,000 huhitaji takriban nusu tani ya majani, na zaidi ya robo tatu huliwa katika wiki ya mwisho, wakati ambapo familia nzima hushinda ikikata na kubeba.

Majani lazima yawe safi. Dawa ya wadudu inayopeperushwa kutoka shamba jirani la kahawa yaweza kuangamiza viwavi wote.

Mambo yakienda vyema, viwavi hao hutoa takriban kilo 30 za vifukofuko vibichi. Hapo ndipo penye hatari. Baada ya wiki mbili hivi, nondo hutoboa kifukofuko ili atoke, na uzi ambao ungefikia mita 1,000 hukatika vipande vipande. Ni sharti mdudu auawe kwa joto mapema na vifukofuko vikaushwe. Vilivyokauka huhifadhika kwa miezi; asiye na kikaushio hulazimika kukubali bei yoyote.

Kilo hizo 30 hutoa takriban kilo nne pekee za uzi, tena kwa maji moto na mashine ambazo mkulima mmoja hamudu. Ndiyo sababu kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilihimiza masoko ya pamoja ya hariri, likiwemo la Mwingi katika miaka ya 2000.

Kwa hiyo, kikundi kitafute kwanza kikaushio na mnunuzi, ndipo kiagize mayai kutoka kwa wataalamu, kama wale wa kituo cha hariri cha KALRO mjini Thika. Kisipovipata, miforsadi haitapotea bure: majani yake ni lishe bora ya ng'ombe, na maziwa hayakosi mnunuzi kijijini.