Nyota Nne za Komoro

MWALIMU wa Historia anapogusia visiwa vya Komoro, aghalabu huandika mambo matatu ubaoni: mji mkuu Moroni, mkoloni Mfaransa, uhuru 1975. Kisha hufuta ubao. Nami nilifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi, hadi mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alipoitazama bendera ya nchi hiyo kitabuni akauliza: "Mwalimu, umesema visiwa ni vitatu. Mbona nyota ni nne?"

Nilimwambia asubiri kipindi kijacho. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Jibu lenyewe ni refu. Tarehe 22 Disemba 1974, wakazi wa Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore walipiga kura ya maoni. Visiwa vitatu vya kwanza vilitaka uhuru kwa kauli moja, au karibu na hivyo. Maore, wengi waliukataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kura kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah hakungoja: tarehe 6 Julai 1975 alitangaza uhuru wa visiwa vyote vinne. Maore, anayoiita Mfaransa Mayotte, ikabaki mikononi mwa Ufaransa, na mnamo 2011 ikafanywa mkoa wake kamili. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limelipinga jambo hilo katika maazimio kadhaa, lakini bendera ya Ufaransa ingali inapepea huko.

Hapa mwalimu asikimbilie kutoa hukumu. Wamaore walikuwa na kinyongo chao, hasa makao makuu yalipohamishwa kutoka Dzaoudzi, kwao, yakapelekwa Moroni. Lakini mwanafunzi ajue pia kwamba tangu 1995, Ufaransa ilipowawekea Wakomoro sharti la viza, watu hutoka Nzuani usiku kwa mashua ndogo, kuvuka kilomita zipatazo 70 kwenda kwa ndugu zao au kutafuta hospitali, na wengi wamekufa maji.

Tukiishia kwenye siasa, hata hivyo, tutakuwa tumefundisha nusu. Hebu nenda Lamu uulize ni nani aliyeasisi Msikiti wa Riyadha, kitovu cha Maulidi yanayowavuta wageni kutoka pwani nzima. Utaambiwa ni Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija. Wanafunzi wetu wangapi wanalijua hilo? Na lugha je? Mngazija husema "mndru" pale tusemapo "mtu", na mtoto yeyote wa Kiswahili akitega sikio vizuri atayatambua maneno mengi.

Neno hilo ndilo mlango wa utamaduni wenyewe. Huko Ngazija, mwanamume ambaye hajafunga harusi kuu, ile ya karamu nyingi na dhahabu anayopewa bibi harusi, hahesabiwi kuwa "mndru mdzima", yaani mtu mzima. Awe na shahada au mvi, barazani hukaa nyuma na kuwaachia wengine usemi. Ali Soilihi, aliyetawala hadi alipopinduliwa Mei 1978 na askari wa kukodiwa wa Bob Denard, alijaribu kuifuta desturi hiyo. Yeye aliondoka, harusi ikabaki. Kwa upande mwingine, nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye ahamiaye kwa mkewe. Waulizeni wazee wa Lamu kuhusu nyumba wanazopewa mabinti, halafu mlinganishe.

Kipindi kilichofuata niliwaagiza wanafunzi wachore ramani mbili, moja ya visiwa vitatu na nyingine ya vinne, na chini ya kila moja waandike ni nani angeichora hivyo na kwa nini. Yule muulizaji alileta na ya tatu, ambayo sikuiagiza. Ilikuwa bahari tupu, na mstari wa nukta kutoka Nzuani hadi Maore.